Kushoto imeenda kulia: anza na balansi kabla ya bisibisi

Weka bisibisi chini kwanza. Kama spika zako zimebadilishana, yaani kitu kinachofaa kuskika kushoto kinatokea kulia, karibu kila mara shida haiko ndani ya amplifaya, iko kwa waya, ama kwa simu, ama kwa mtu aliyeinama nyuma ya mashine akachanganya mkono wake na upande wa spika. Nimekuwa nikirekebishia watu hii kitu hapa Eastlands, Nairobi, kitambo, majirani, mabinamu, vijana wa gemu, na amp ambazo nimelazimika kufungua ni za kuhesabu, na zote kuna mtu alikuwa ameshazifungua kabla yangu.

Na kabla hujahangaika jiulize kama inakusumbua kweli. Kanisa nyingi na tenti za harusi sauti inapigwa mono, spika zote zinatoa kitu kimoja, hapo kushoto na kulia ni hadithi tu. Ukiwa na sabwufa ya kawaida na zile spika zake mbili ndogo umezirundika zote juu ya kabati moja kando ya TV, achana nayo pia, hutaskia tofauti, na ile besi yenyewe inachukua pande zote mbili inachanganya kwa hivyo haijui hata kama kuna kulia. Hata kwa muziki watu hukaa miaka bila kugundua kwa sababu muimbaji, besi na ngoma kubwa kwa kawaida huwekwa katikati. Mahali inauma ni kwa picha. Uko kwa muvi, gari linaingia kutoka kushoto mwa skrini na mngurumo unatoka kulia, ama kijana anacheza gemu ya bunduki anaskia nyayo upande huu, anageuka, anamalizwa na mtu aliyekuwa upande ule. Hao wa gemu ndio huwa wa kwanza kunipigia simu. Wa pili ni wazee wa rumba, maana rumba nyingi gita moja liko huku na lingine liko kule, na mtu ameshazoea solo linamtokea upande fulani tangu ujana wake, ukimbadilishia anajua hapo hapo hata kama hawezi kukueleza ni nini kimebadilika.

Sasa tukubaliane kushoto ni ya nani. Ni yako wewe uliyekaa kwa kochi ukiangalia spika. Si ya amp, si ya spika, si ya yule anayechomeka waya akiwa amejipenyeza nyuma ya meza ya TV uso umeangalia kochi, huyo kushoto kwake ndio kulia kwa nyumba. Usikadirie, washa tochi ya simu usome L (kushoto) na R (kulia) zilizoandikwa pale nyuma, kwa sababu mpangilio unabadilika kutoka kwa kampuni moja hadi nyingine, kuna zinazoweka L juu na R chini, kuna zinazoziweka kando kwa kando, kuna zenye jozi mbili A na B na ukichanganya hizo ni kazi nyingine. Na kama juzi mlihamisha TV ukuta wa pili mkabeba spika vile vile, basi umeshapata jibu na unaweza kwenda kunywa chai.

Kitu cha kwanza unahitaji ni ushahidi usiodanganya. Ingia YouTube utafute video ya kupima kushoto na kulia, ziko kibao, mtu anasema kushoto kisha anasema kulia, basi. Lakini hiyo video pia usiiamini bure, kwanza iskize na iafoni za waya zenye alama ya L na R. Kama zimefutika kagua na kidole, nyingi zina kanundu kadogo upande wa kushoto. Ikisema kushoto kwa skio la kushoto, sasa una kipimo. Ikitoka masikio yote mawili kwa pamoja angalia setingi za simu, kwa Android ni sehemu ya Ufikivu, kuna swichi ya sauti ya mono ambayo mtu aliwasha bila kujua, na kando yake kuna kamstari ka balansi, ka kugawa sauti kati ya kushoto na kulia, kanakofaa kukaa katikati. Nimeona watu wakihangaisha amp nzima na simu ndio ilikuwa kwa mono.

Kisha sasa ile nobu ya balansi ambayo hakuna mtu huigusa. Hiyo nobu ndio fundi wa bure ndani ya nyumba yako, na hapa ndio ningependa uskize vizuri kwa sababu ndio sehemu watu wanaruka. Izungushe kabisa hadi L. Spika gani inabaki ikilia? Kama ni ya kushoto, basi kila kitu kutoka kwa balansi kuja hadi kwa spika kiko sawa, waya za spika ziko sawa, usiziguse. Kama ni ya kulia inayolia ilhali nobu iko L, waya za spika zimebadilishana pale nyuma, zima, zibadilishe, umemaliza. Ona vile inafanya kazi: balansi haijui muziki unasema nini, inajua tu njia yake ya kutoka. Kwa hivyo kebo ya kuingiza sauti ikiwa imepindana, yaani kushoto na kulia zimebadilishana, balansi bado itakuambia ukweli kuhusu spika, lakini ile video ya YouTube itasema kushoto na itaskika kulia. Video inapima njia yote kutoka simu hadi ukuta, balansi inapima nusu ya mwisho tu. Ukiweka majibu ya hizo mbili pamoja umeshajua makosa yako upande gani wa amp hata kabla hujashika waya.

Na mahali watu wanajitafutia balaa ni hapa. Mtu anaskia imepindana, anaenda kwa kilicho karibu na mkono, anabadilisha waya za spika, anapima na simu, iko sawa, anafurahi. Kumbe kosa lilikuwa kwa kebo ya simu. Sasa ana makosa mawili yanayofichana. Simu inaskika poa, lakini wiki ijayo akiweka dikoda ama redio ya ndani ya amp, imepindana tena, anabadilisha tena, sasa ya simu ndio inapindana, na hapo ndio unaskia mtu akiapa ati hii mashine ni mbovu iko na pepo. Rekebisha mahali kosa liko, si mahali mkono unafika.

Kama ni risiva yenye redio yake ndani uko na bahati, kwa sababu hiyo redio haipitii kebo yoyote ya nje. Weka stesheni inayoshika vizuri, taa ya STEREO iwe imewaka maana mawimbi yakiwa dhaifu redio nyingi hurudi mono zenyewe, kisha weka stesheni hiyo hiyo kwa simu yenye FM ukiwa na iafoni za waya, na huo waya ndio antena yake kwa hivyo hutauepuka. Subiri tangazo, hayo hupenda kurusha vitu huku na kule. Simu na risiva zikikubaliana lakini AUX, ile njia ya kuingiza sauti ya simu kwa kebo, bado imepindana, makosa ni ya AUX peke yake. Vyanzo vyote vikiwa vimepindana, makosa yako mbele zaidi, kuelekea spika.

Kuna jambo la rangi linalochanganya watu sana na silaumu mtu. Nyekundu ina kazi mbili. Kwa zile pini za RCA, za kebo inayoingiza sauti kwa amp, nyekundu ni kulia, na nyeupe ama nyeusi ni kushoto. Kwa waya za spika, nyekundu si upande wowote, ni plus, na nyeusi ni minus, na kila spika inahitaji zote mbili. Sasa jirani yangu mmoja alinunua amp ya mtumba, ile ya ex-UK, kitu kizito kizuri, akaenda nayo nyumbani akaunganisha mwenyewe. Jioni akanigongea.

"Fundi, hii kitu imekula muimbaji."

"Imekula aje?"

"Njoo tu uskize. Gita liko, kinanda kiko, mwenye kuimba hayuko. Na spika ya pili imekufa."

Kufika nikaskiza, ni kweli, kulikuwa na mwangwi wa sauti kwa mbali kama mtu anaimba akiwa choo cha nje, na spika moja kimya kabisa. Nikazima, nikaangalia nyuma. Jamaa alikuwa amesoma nyekundu ni kulia, kwa hivyo waya zote mbili za spika ya kulia zilikuwa zimeingia kwa zile nyekundu mbili, moja ya L na moja ya R, na spika ya kushoto imeingia kwa nyeusi zote mbili. Ukifanya hivyo ile spika ya nyekundu inapata tofauti kati ya kushoto na kulia tu, na chochote kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Muimbaji yuko katikati, yuko sawa pande zote, kwa hivyo anapotea, kinachobaki tu ni mwangwi na vyombo vya pembeni. Nazo nyeusi mbili kwa amp nyingi za zamani zote ni ardhi, yaani njia ya kurudi isiyobeba sauti, hakuna kitu kati yao, spika lazima inyamaze. Nilipomrudishia kila spika na nyekundu yake na nyeusi yake, muimbaji akarudi, na jamaa akaniuliza kama ile ya kwanza inaweza kutumika kwa karaoke. Enyewe inaweza, lakini si vile amp inapenda kuunganishwa, usiifanye mchezo.

Nisichanganye hilo na shida ya plus na minus kugeuzwa kwa spika moja. Hiyo pande zako ziko sawa lakini besi inakuwa nyembamba na muimbaji haeleweki amesimama wapi, anaelea. Ukibadilisha plus na minus kwa spika moja tu, besi ikirudi, umepata. Ukitaka kuhakikisha, chukua betri moja ya volti 1.5, ng'oa waya kwa amp, gusisha kidogo tu plus ya betri kwa plus ya spika, koni inafaa kuruka nje, ikiingia ndani basi imegeuzwa mahali.

Turudi kwa kebo. Zile nyembamba za pini moja ya simu upande huu na RCA mbili upande ule, za bei ya chini, zinaweza kutoka kiwandani zikiwa zimepindana, rangi inasema hivi na waya ndani inasema vile. Hapa ndipo multimita ya bei rahisi inakulipa. Weka pale inalia bip. Ile pini ya simu ina sehemu zake, ncha ya mbele kabisa ni kushoto, pete inayofuata ni kulia, na shina la nyuma ni ardhi. Gusa ncha kwa probu moja, na nyingine gusa kijiti cha katikati cha RCA nyeupe, inafaa kulia. Haijalia, jaribu nyekundu. Ikilia kwa nyekundu basi umeshika mwizi, hiyo kebo imepindana, na hakuna haja ya kuikata, badilisha tu RCA pale nyuma ya amp na ufunge katepu uandike, kwa sababu miezi sita baadaye utasahau utaona nyekundu imeingia mahali pa nyeupe utaona ni kosa utarudisha. Mimi hutumia rangi ya kucha ya mke wangu, doti moja kushoto, doti mbili kulia, haitoki kwa jasho wala vumbi. Hajafurahia sana lakini tumekubaliana ile ya zamani iliyoganda ni yangu. Huna multimita, basi weka kebo nyingine, shida ikiisha basi ile ya kwanza ndio mwizi.

Za dikoda ndio mbaya zaidi. Tangu 2015 tulipohamia dijitali kila nyumba iko na kale kakebo ka pini moja upande huu na RCA tatu, njano, nyeupe, nyekundu. Shida ni kwamba kampuni hazikukubaliana ni sehemu gani ya pini inabeba nini. Ukichukua ya dikoda moja ukaweka kwa nyingine unaweza kupata kushoto na kulia zimebadilishana, ama ardhi imeenda kwa picha na spika inanguruma kama kinu cha posho. Ile iliyokuja na boksi yake ndio yake, ziwekee alama mkihama nyumba. Na kama unatumia HDMI ama ile kebo ya mwanga, usipoteze dakika hata moja kwa kebo, pande zote mbili zinapita pamoja kama namba, haziwezi kupindana njiani. Hapo angalia chanzo chenyewe ama waya za spika. Spika mbili za Bluetooth zilizounganishwa pamoja nazo, angalia programu yake, nyingi zina mahali pa kubadilisha nani ni kushoto, ama ubebe tu spika uziweke vingine, hiyo ni suluhisho halali kabisa.

Umepima yote hayo na bado? Kama amp ina tundu la hedfoni, punguza sauti chini kabisa, chomeka, cheza ile video. Hedfoni ikiwa sawa na spika zimepindana, ni waya za spika, rudi nyuma ukaangalie tena kwa tochi. Hedfoni nayo ikiwa imepindana kwa kila chanzo, na kebo umezipima, sasa ndio tunazungumzia ndani. Na ndani huwa ni mahali fundi wa zamani alipita, aliondoa bodi ya kuingizia sauti ama akabadilisha nobu ya volyumu, akarudisha waya mbili kinyume.

Kwa wale mnaojenga wenyewe na zile bodi ndogo za amp za Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, angalia plagi ya pini tatu ya kuingizia sauti. Nyingi zimeandikwa L, G, R, na ardhi iko katikati, kwa hivyo plagi isipokuwa na ncha ya kuizuia unaweza kuigeuza na kila kitu kikafanya kazi vizuri tu isipokuwa pande zimebadilishana. Hakuna kelele, hakuna moshi, hakuna dalili. Lakini upande wa spika hizo bodi hazina huruma. Zenye chipu kama TDA7297 ama TPA3116, ile minus ya spika si ardhi, nayo inabeba sauti, kwa hivyo ukiona mtu ameunganisha minus za spika mbili pamoja ili kuokoa waya kama vile watu walikuwa wakifanya kwa redio za zamani, mwambie azime mara moja.

Na kuzima si kwa rimoti. Chomoa kwa soketi, subiri kidogo kapasita, zile zinazohifadhi umeme ndani, ziishe chaji, kisha ndio ushike waya za spika, maana nyuzi mbili zikigusana amp ikiwa imewaka unaweza kuchoma transista za kutoa sauti na hapo shida ya kushoto na kulia utaikumbuka kwa hamu. Kufungua kifuniko bila ujuzi pia sikushauri, hii ni stima ya volti 240 na kapasita kubwa hukaa na chaji hata baada ya kuchomoa.

Kwa gari kanuni ni ile ile, tumia balansi, na hapa pia kuna feda, ya kugawa sauti kati ya mbele na nyuma, ya kukusaidia. Redio za kununuliwa kando karibu zote hufuata rangi moja: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na ile yenye mstari mweusi ndio minus. Kushoto ni upande wa abiria kwetu huku. Lakini waya za gari lenyewe zina rangi zake, hizo usizibahatishe, na kama fundi wa Kirinyaga Road alikata plagi akaunganisha kwa kusokota na tepu, pima spika moja moja.

Ukiishia kupeleka amp kwa fundi, usimwambie tu "sauti imebadilishana" maana atafungua, atapuliza vumbi na atakutoza. Mwambie vile ulivyopima: balansi inasema nini, redio ya ndani inasema nini, hedfoni inasema nini. Fundi mzuri atakuuliza hayo hata kabla hujamaliza, na ambaye hataki kuskia, beba mashine yako uende duka linalofuata. Na kabla hujalipa, toa simu yako na kebo yako mwenyewe, cheza ile video pale pale kwa meza yake, zungusha balansi L, kisha R, ndio utoe pesa.